Beberu wa Gazeti la Mihogo

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, alikuwepo muuguzi mstaafu, Bi Nyamizi, mwenye kiinua mgongo chake na nyumba isiyo na paa. Mtaa mzima ukamwimbia: "Nunua hisa za Povu Tele! Sabuni yao iko kila duka!" Na kweli, ilikuwa kila duka. Nyamizi akaliona paa, akaiona na baraza. Akafunga pesa kwenye khanga, kesho ampelekee dalali wa hisa.

Jioni akanunua mihogo ya kukaanga kwa Somoe. Wifi yake Mbuke, mwalimu wa biashara, akala kipande cha mwisho, akakunjua gazeti lililofungiwa mihogo. Lo! Hesabu za mwaka za Povu Tele, zimelowa mafuta.

"Wifi, faida nono, fedha taslimu hamna! Wamekopesha sabuni nchi nzima, hawajalipwa hata ndururu. Utaezeka kwa povu?"

Nyamizi alinuna, maana paa alishaliona. Lakini khanga hakuifungua. Mtaa ukamcheka, mwoga huyo! Akajibu, "Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake." Haukupita muda, hisa zikaporomoka, na waliocheka wakaja kuomba chumvi. Nyamizi akaezeka. Kwa furaha akatangaza: "Aliyeniokoa achukue beberu wangu!"

Weee! Wakaja watatu.

Mbuke: "Nani alisoma? Bila mimi gazeti ungelipangusia mikono."

Somoe: "Nani alileta? Ningefungia mfuko wa plastiki ungesoma nini, mwalimu? Na gazeti hilo ulikuwa nalo kwako, umetandikia kabati!"

Jirani yao Lusajo, aliyekuwa mhasibu wa Povu Tele: "Nani aliandika? Bosi alitaka niandike wadaiwa wameshalipa. Nikakataa, nikafukuzwa. Sasa nyama naisikia harufu kwa majirani."

"Na ulipita hapa kila asubuhi!" Nyamizi akafoka. "Ukanisalimu, ukanyamaza!"

"Siri ya kazi, mama. Nilisema gazetini."

"Gazetini! Chai unywe kwangu, habari nikazitafute gazetini!"

Wakavutana, huyu pembe, huyu mkia, huyu kamba, beberu analia mee. Nyamizi akaikwapua kamba. "Hebu ngojeni. Gazeti lilifungia mihogo ya mtaa mzima. Aliyesikia ni nani kama si mimi? Mbona beberu asibaki hapahapa?"

Haya, nyie mnaocheka: yuko aliyeandika, aliyefungia, aliyesoma, na mwenyewe aliyesikia. Je, nani alistahili beberu?