Jogoo wa Posa na Jua la Waingereza

Palikuwa na Liwali wa mji wa Mtondoo, Bwana Mbaruku, mtu wa tumbo kubwa na koti la sufu. Koti alilileta kutoka Uingereza, alikokaa mpaka akasahau nusu ya mambo ya kwao. Alilivaa hata jua la saa sita, jasho likimtiririka, eti baridi haina miadi. Na pamoja na koti alileta maneno.

"Waingereza," aliwaambia watu barazani, "ndio wanaojua kuitumia bahati. Wanasema: anika majani jua likiwaka."

Watu wakatazamana. "Majani ya nini, Bwana Liwali?"

"Ya ng'ombe."

"Kwani ng'ombe wa huko hawali mabichi?"

"Kimya! Maana yake, fursa ikijitokeza, ishike hapo hapo. Nyie mnajua nini? Kazi kusema haraka haraka haina baraka. Ndiyo maana mmekonda."

Loo! Basi mwenzenu akaanza kuanika. Desturi yetu mnaijua: ukimkuta mtu anakula atakwambia "Karibu," nawe utajibu "Ahsante, nimeshiba," hata kama utumbo unalia. Heshima imetimia, kila mtu na njia yake. Bwana Mbaruku akiambiwa karibu, alivua viatu. Akaketi. Akamaliza sinia. Watu wakaanza kula milango imefungwa, naye akapiga mbiu: kila nyumba ipakue mlango ukiwa wazi, na atakayemwona Liwali asimkaribishe, atapalilia shamba la Liwali mwezi mzima.

Mji ukawa unakula kwa hofu. Liwali mwenyewe aliogopa kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni mkewe, Bi Shekue. Bibi huyo akikunja uso tu, Liwali hukumbuka ana kazi sokoni.

Sasa, mtaa wa nyuma aliishi Mwanahija, mjane mfinyanzi wa vyungu, mwanamke asiyedaiwa jibu. Siku hiyo alikuwa na furaha tele. Kombo seremala, mgane mwenye kicheko cha kumsahaulisha mtu shida zake, alikuwa anakuja kumposa baada ya alasiri. Na pale Mtondoo, mwanamke hajibu posa kwa mdomo. Akikataa, hupakua uji. Akikubali, hupakua jogoo, na mwanamume akishamla mbele ya watu, mambo yamekwisha, amebaki kadhi tu. Mwanahija alikuwa na jogoo mmoja. Huyo mmoja ndiye aliyekuwa chunguni, kwenye mchuzi wa nazi, akinukia mpaka njia kuu.

Mpaka njia kuu, nimesema.

"Hodi!"

Mwanahija akageuka. Liwali huyo mlangoni, na askari wake, na nyuma yao majirani waliokuja kuchungulia. Akimpa Liwali jogoo, Kombo ataletewa uji, na Kombo ni mtu wa haya, hatarudi tena. Akimnyima, jembe linamngoja.

"Mama, kuna harufu hapa."

"Ya vyungu, Bwana Liwali. Nachoma."

"Vyungu vina kitunguu saumu?"

"Siku hizi wateja wanavipenda hivyo."

"Sheria unaijua. Sema neno."

Mwanahija akamtazama. Akawatazama majirani. Kisha, ajabu, akatabasamu.

"Huyu jogoo ana mwenyewe, Bwana Liwali. Nikuletee muhogo?"

"Mwenyewe ni yule anayewahi! Waingereza..."

"Wanaanika majani, tumesikia. Hata sisi tunasema, udongo uwahi ungali maji."

"Matope! Wenzenu wana jua, nyie mna matope. Pakua!"

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Mbele ya watu hawa?"

"Hata mbele ya mji mzima!"

"Basi karibu, bwana."

Akatandika jamvi, akamnawisha mikono, akaleta sinia. Liwali akanyofoa paja, akatia mdomoni, akafumba macho kwa utamu. Akameza.

Mlangoni, jirani mmoja akapiga kigelegele.

"Hicho cha nini?"

"Cha harusi," alisema Mwanahija, akivuta ushungi kwa haya za bibi harusi. "Umekula jogoo wa posa, mume wangu. Kumbe Uingereza wamekusahaulisha hata hili? Nami nimekubali. Nihamie leo kwa mke mwenzangu Bi Shekue, au tungoje kwanza majani yakauke?"

Jasho likamtoka Liwali, na safari hii si la koti. Paja likamponyoka.

"Mama... dada... nakuomba. Bi Shekue asisikie!"

"Posa kama hii huvunjwa kwa njia moja tu. Aliyekula arudishe jogoo kwa jogoo."

"Nitarudisha! Yule wangu mwekundu!"

"Kabla ya alasiri. Unamchinja mwenyewe, unamnyonyoa mwenyewe, hapa uani kwangu."

"Nitamnyonyoa!"

"Na ile mbiu ya milango?"

"Imefutwa! Mtu na ale chake hata chini ya kitanda."

Basi wenzangu, Kombo alipobisha hodi na watu wake, aliletewa jogoo mwekundu aliyenona. Akala. Mwanahija alitazama kila tonge likishuka, machozi ya furaha yakimlengalenga. Kule uani Liwali alikuwa amekaa juu ya kigoda, koti la sufu limejaa manyoya.

Mwanahija alipotoka kuchota maji, Liwali akamnong'oneza kwa uchungu: "We mwanamke, mbona hukunionya kabla sijameza?"

"Nikuonye?" alisema Mwanahija. "Jua limewaka mpaka ndani kwangu, Bwana Liwali, nami nisianike?"