Kunde 9973

Kaeni vizuri, na mwenye swali alibane, maana leo swali ni langu.

Palikuwa na mfalme aliyependa mistari kupita kiasi. Vijana watatu walimpandia minazi, mistari ikapinda kidogo, akawafunga. Mama zao walikuwa majirani. Kidawa alikuwa hodari wa kuchambua, Mwatime haamini kitu mpaka ajaribu mwenyewe, na Siwatu ni mtu wa kukaa kimya akawaza. Tangu mwanawe Makame achukuliwe, Siwatu hakuwahi kula akashiba.

Wakaenda kumlilia mfalme. Akasema, "Nileteeni kunde zisizofika elfu kumi, nyingi kadiri iwezekanavyo, ambazo mtu wangu hawezi kuzipanga mistari iliyo sawa kwa idadi, ila mstari mmoja tu mrefu. Mkikosea, msirudi tena. Mna siku tatu."

Kidawa akaanza kurudi nyuma kutoka elfu kumi. Zinazogawika kwa mbili akatupa, kwa tatu akatupa, kwa tano, kwa saba, vivyo hivyo mpaka hamsini. Juu kabisa zikabaki tatu: 9991, 9983 na 9973. "Tupeleke hii kubwa," alisema. "Mimi nimechoka."

Mwatime akakataa. Akaendelea kugawa peke yake. Sitini na saba ikaigawa ile ya pili. Tisini na saba ikaigawa ile kubwa yenyewe: mistari tisini na saba, kila mmoja kunde mia moja na tatu. Kidawa akashika kichwa. Ikabaki 9973, na Mwatime yumo tu, mia moja na moja, mia moja na tatu, na kesho ndiyo siku. Kwa mwendo ule angemaliza baada ya Idi.

Siwatu akamshika mkono. "Acha, dada. Mistari mia ya kunde mia ni elfu kumi, tumeshapita. Mistari ikizidi mia, kila mmoja utakuwa na kunde pungufu ya mia, na hizo umeshazijaribu zote." Basi wakahesabu kunde, wakabeba.

Mtu wa mfalme alipanga na kupangua tangu asubuhi hadi alasiri. Kila mara kunde zilibaki. Akanyanyua mikono.

"Sawa," alisema mfalme. "Namwachia kijana mmoja. Nitajieni jina."

"Bila mimi mngeanzia wapi?" alisema Kidawa.

"Bila mimi tungeleta ya uongo," alisema Mwatime.

"Na bila mimi mngekuwa bado mnagawanya," alisema Siwatu. Hawa walikuwa wameazimana chumvi miaka ishirini. Siwatu aliona aibu kutaka watoto wa wenzake wabaki ndani, na bado alitaka.

Askari amesimama na ufunguo, milango ni mitatu. Haya, wewe uliyenisikiliza: ungemwambia afungue wa nani? Na wale mama wawili, ungewatazama usoni ukawaambia nini?