Jamvi la Bi Siwatu

Jamvi lisilokunjwa halimjui mwana. Hayo ndiyo maneno aliyoyasema shangazi yenu sasa hivi, alipomwona Nasra akimpa mtu ushauri kwenye simu huku mwanawe kasimama mlangoni na bakuli la uji, anangoja asikilizwe. Nasra kacheka, akasema yeye jamvi hana. Nanyi mmenigeukia mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Yametoka mbali, na yalianza hivi.

Palikuwa na mji wa pwani ulioitwa Mchangani, na katika mji huo aliishi kungwi, jina lake Bi Siwatu. Kungwi ni mwanamke anayemfunda mwari kabla hajaolewa, na anayemsikiliza akishaolewa, maana ndoa huanza kufundisha pale mafunzo yanapokwisha. Wari wake humwita somo. Kazi hiyo Bi Siwatu alirithishwa na bibi mmoja, Bi Mize, aliyemwokota akiwa mjane kijana na mtoto mgongoni, akampa chakula, akampa ujuzi, na mwisho akampa jamvi lake la miyaa pamoja na sharti lake.

Sharti lilikuwa hili. Mwari akitoka, jamvi hukung'utwa, huanikwa juani, kisha hukunjwa na kusimamishwa kibarazani kando ya mlango mpaka mwezi uandame. Jamvi likisimama, hakuna wa kubisha hodi kwa habari za ndoa. Hata jumbe, mkuu wa mji, akituma mtu, mtu wake hutazama jamvi na kurudi alikotoka.

Bi Siwatu aliuliza itakuwaje mwenye shida akija wakati huo. Bi Mize alimwambia shida nyingi zinaweza kungoja mwezi, na isiyoweza kungoja ipelekwe kwa kungwi mwingine. "Masikio nayo yana tumbo," alisema. "Yakishiba hayaonji tena."

Siku za jamvi kusimama ndizo alizozipenda Riziki, yule mtoto. Siku hizo mama alikuwa wake. Walikaanga vitumbua, wakasukana nywele, na Riziki alisimulia kila upuuzi uliotokea chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na mama alicheka pale panapochekesha.

Kisha Bi Mize akafa, na katika mtaa wa pili akahamia kungwi mwingine, mwenye sauti nzuri na mdomo mwepesi. Siku moja mama wa mwari alifika kwa Bi Siwatu, akalikuta jamvi limesimama, akapitiliza kwa yule mgeni. Harusi ile ilikuwa kubwa, ikasemwa mji mzima. Neno hilo lilimwingia Bi Siwatu kama mwiba. Tangu hapo hakungoja tena mwezi. Akawa analikunja jamvi siku chache, baadaye siku moja, na mwisho akawa analikung'uta palepale sakafuni na kuendelea.

Wala hakuwa mtu mbaya, hilo msilisahau. Kila aliyekuja akilia alimpokea. Watu walimsifu kwamba mlango wake haufungwi, na sifa ni tamu, wajukuu zangu, lakini haijamshibisha mtu.

Alianza kusahau chumvi kwenye mchuzi, kisha akasahau kula. Zamani mwanamke akilia mbele yake moyo wake ulisogea. Sasa aliyatazama machozi kama mtu atazamaye mvua inayonyesha mtaa wa mbali. Majibu yalimtoka kabla maswali hayajaisha. Majina nayo yalimchanganya, kwa hiyo akawa anawaita wote "mwanangu". Wao walidhani ni mapenzi.

Riziki akija na neno lake aliambiwa angoje watu watoke. Watu hawakutoka. Akajifunza kuwapikia wageni chai na kunyamaza. Aliposhikwa na homa, ni jirani Chausiku aliyempeleka kwake, akamkanda kwa kitambaa cha maji, na alipopona akamrudisha kasukwa nywele, bila kumlaumu mtu.

Chausiku huyo alikuwa mkaanga maandazi, mtu wa utani, na ndiye pekee aliyethubutu kusema.

"Siwatu, hata punda wa dobi hupewa Ijumaa yake," alimwambia siku moja. "Nipe hilo jamvi nikalifiche kwangu. Nitawaambia limeliwa na mchwa."

"Na wakienda kwa yule mwenzangu wakafundwa ovyo, dhambi ya nani?"

"Yake. Zako hazijakutosha, unatafuta za jirani?"

Bi Siwatu alicheka, na kabla kicheko hakijaisha hodi nyingine ilibishwa.

Riziki akaolewa, akaenda kukaa kwa mumewe ng'ambo ya mto. Mama alilia siku ile ya harusi, machozi ya kweli. Alimpindia kanga kwa mkono wake, na uzi mweupe ulipomwishia akamalizia pindo kwa uzi mwekundu. Kesho yake alikuwa jamvini tena.

Sasa kuna desturi moja mnapaswa kuijua. Mwenye shida ya ndoa akija kwa kungwi, hujitanda kanga mpaka usoni ili wanaongoja nje wasimjue, na kungwi naye hamtazami uso asije akamwaibisha. Huinamisha macho akasikiliza. Bi Mize alikuwa akisema kungwi humjua mtu kwa pumzi zake. Na Bi Siwatu alikuwa hivyo kweli, enzi alizokuwa akipumzika.

Ulikuwa msimu wa harusi Riziki aliporudi, na kifurushi kidogo kwapani. Uani kumejaa masufuria na wapishi, chumbani kuna mwari, kibarazani kuna wanawake wanangoja. Angeweza kupenya uani akaita "Mama". Lakini tangu utotoni aliambiwa angoje, naye alikuwa mtoto mwenye adabu. Akajitanda kanga, akakaa mwisho wa safu. Moyoni alikuwa na swali moja tu: je, anaweza kulala hapa?

Zamu yake ikafika. Akaketi jamvini mbele ya mama yake. Bi Siwatu alikuwa amefumba macho.

"Nyumbani kwangu hakukaliki," Riziki alianza, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kilio. "Nina mimba, na mume wangu mkono wake..."

"Mwanangu," Bi Siwatu alimkatiza, "nyumba ni stara. Mwanamume ni moto wa makuti, huwaka ukazimika. Mpikie akipendacho, mjibu kwa upole, na ya ndani usiyatoe nje. Rudi kwako."

Yule aliyejitanda kanga hakuinuka. Alikuwa anangoja macho yale yafumbuke.

"Nirudi?"

"Rudi, mwanangu. Niitie anayefuata."

"Nimesikia, somo," alisema Riziki. Akaacha kanga moja chini ya pindo la jamvi, kama walivyoacha wote kwa shukrani, akatoka.

Alasiri Chausiku aliingia na sahani ya maandazi ya moto. Akauliza kama Riziki amelala.

"Riziki gani?" akasema Bi Siwatu.

"Kwani unao wangapi? Mimi mwenyewe nimempa kigoda hapo nje. Nilimwambia apite uani, akasema anangoja zamu yake."

Bi Siwatu aliingiza mkono chini ya jamvi, akavuta kanga moja moja, mpaka akaiona ile yenye uzi mwekundu pindoni. Alisimama, akachukua buibui lake, akafika mlangoni, na hapo akakutana na ngoma. Ndugu wa mwari walikuwa wamefika kumtoa mwari wao, vigelegele vimejaa njia, na mwari hatolewi bila kungwi wake.

"Kesho," alisema. "Kesho mapema nitakwenda."

Chausiku alimtazama, akayafunga maandazi yake kitambaani, akavuka mto yeye. Kule aliambiwa kizingitini kwamba mke amepumzika, hapokei wageni. Aliyaacha maandazi pale, akarudi na giza.

Na hiyo kesho ilikuja na mwari wake mwingine, na ya pili yake ikaja na wageni wa mbali. Bi Siwatu alipofunga safari hatimaye, Riziki hakuwepo ng'ambo ya mto. Alikuwa amerudi kwa mumewe kama alivyoambiwa, akajibu kwa upole kama alivyofundwa, na alikuwa amepigwa mpaka mimba ikatoka. Majirani walimbeba, wakampeleka kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake.

Mama alimfuata huko. Riziki alimpokea kwa heshima zote. Alimtandikia mkeka, akamletea maji ya kunawa, akapiga goti.

"Shikamoo, somo."

Bi Siwatu alilia mpaka akachoka. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia kuwa ni wewe?"

Riziki alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Nilikaa mbele yako, nikasema kwa sauti hii hii uliyonizaa nayo. Ukaniita mwanangu." Akaiweka nguo juu ya nyingine. "Nawe kila mtu unamwita hivyo. Jamvi lisilokunjwa halimjui mwana."

Mama alimsihi. Alisema jamvi atalikunja, nyumba itatulia, warudi pamoja. Riziki alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo yeye hakulipata, kisha akasema, "Nimekwisha kurudi mara moja kwa neno lako."

Bi Siwatu alirudi Mchangani peke yake. Alilikung'uta jamvi, akalianika, akalikunja na kulisimamisha kibarazani. Wanawake waliliona, wakapita. Yule kungwi mwingine aliwapokea, wala mji haukuharibika. Kila jamvi liliposimama Bi Siwatu alikaanga vitumbua, akapakua sahani mbili, na sahani ya pili akaja kuila Chausiku, asiulize imewekewa nani.

Riziki hakumvunjia mama yake adabu hata siku moja. Kila Idi alituma salamu na kitambaa kizuri. Lakini neno lake la moyoni hakumletea tena, mpaka walipozikana.

Watu walipomuuliza Bi Siwatu kwa nini amerudia sharti la zamani, aliwapa maneno ya mwanawe kama yalivyo, bila kuyalainisha. Kila kungwi aliyemrithisha mwenzake jamvi alimrithisha na maneno hayo. Ndivyo yalivyotoka Mchangani, yakatufikia hata sisi tusio na jamvi.

Nasra, nasikia simu yako inalia tena. Pokea ukitaka, anayepiga ana shida kweli, sikatai. Lakini mtoto bado yuko kizingitini na bakuli lake, na uji umeshapoa. Jamvi lisilokunjwa halimjui mwana.