Majogoo wa Mwalimu Somoe

"Jogoo wa shukrani humnyima mwalimu usingizi." Mmeisikia leo kwenye kikao cha wazazi, mkaangua kicheko, na sasa mnataka kujua jogoo na mwalimu walikutana wapi. Haya, vuteni vigoda. Anayemenya viazi aendelee kumenya, masikio hayana kazi nyingine. Mwanzo wa methali hii ni huu.

Juu kabisa katika milima ya Upare kulikuwa na kijiji kiitwacho Vumbwe, na Vumbwe kulikuwa na shule ambayo walimu walikuwa hawaizoei. Wakija, baridi inawafukuza kabla ya mwaka kwisha. Ndipo akaletwa Somoe, binti wa Lindi, na kanga zake nyepesi za pwani. Watu wakamtazama, wakasema huyu hafiki Pasaka. Pasaka ikapita, yeye yupo, meno yanagongana lakini yupo, na watoto wa darasa la kwanza wanasoma.

Miongoni mwa watoto hao alikuwemo Namsifu, binti wa Nakijwa. Namsifu alikuwa amekariri darasa hilo mpaka wenzake wakamwita bibi wa darasa. Wote walisema kichwa chake kizito, na Nakijwa, mama yake, alikuwa ameanza kuamini, ingawa kuamini hivyo kulimuuma sana. Mwalimu Somoe ndiye aliyegundua kwamba mtoto haoni mbali. Akamhamishia dawati la mbele, akawa anabaki naye kidogo wenzake wakishatoka. Jioni moja Nakijwa akiwa anasonga ugali, Namsifu akaushika mfuko wa chumvi, akayasoma maandishi yake yote kwa sauti, mpaka jina la kiwanda. Nakijwa aliuacha mwiko ndani ya sufuria akalia. Ugali ule uliungua, na waliula hivyo hivyo kwa furaha.

Basi akataka kushukuru. Na Vumbwe shukrani ilikuwa na sura moja tu: jogoo. Mtetea hapana, mtetea anataga, na watu wa milimani tunasemwa kwa mengi lakini hatujafikia kugawa mayai ya kesho. Jogoo wa shukrani alikuwa na miiko yake. Hauzwi wala harudishwi. Hachinjwi mpaka aliyemtoa aje ale naye. Na aliyemtoa haji mpaka aalikwe, maana kwenda bila kualikwa ni kufuata kitoweo chako mwenyewe, aibu iliyoje! Mambo hayo kila mtoto wa Vumbwe aliyajua, hata hakukumbuka ni nani aliyemfundisha. Mwalimu Somoe aliambiwa ya kuuza, ya kurudisha na ya kuchinja. Hilo la kualika hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni.

Wazazi wengine wakamtangulia kuleta majogoo, kila mmoja wake, wakarudi makwao kungoja mwaliko. Somoe naye akakaa kuwangoja waje wale nao. Wao wanangoja, yeye anangoja, na majogoo wanawika.

Kuwaacha nje hakukuwezekana, vicheche walikuwa wengi. Majogoo wakalala jikoni kwake, na jiko lile lilitengana na kitanda kwa ukuta wa mbao tu. Majogoo wa nyumba tofauti hawapendani hata siku moja. Walipigana, walikimbizana, na alfajiri ilipokuwa bado mbali mmoja alianza kuwika na wengine hawakukubali kushindwa. Mwalimu akawa hapati usingizi. Macho yakawa mekundu, sauti ikawa kali, na siku moja alisinzia mbele ya darasa chaki ikiwa mkononi. Maneno yakazagaa. "Huyu mwalimu kabadilika." "Tena mchoyo, majogoo wote wale na hajatualika hata kwa mchuzi!" Aliyesema sana ni mzee Kiangi, kwa sababu jogoo wake ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote.

Nakijwa aliyasikia akayapuuza. Jumamosi alimkamata jogoo wake mwekundu, akamkumbatia kwapani, akapanda hadi nyumba ya mwalimu. Mlango ulikuwa wazi. Somoe alikuwa amepiga magoti sakafuni, anafunga begi.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu. Shikamoo mama Namsifu." Aligeuka, akamwona jogoo, na uso wake ukamshuka.

"Marahaba. Unasafiri?"

"Naondoka, mama. Nimeomba uhamisho. Jumatatu nashuka."

Nakijwa aliwaza habari ya Namsifu. Mwalimu mwingine akija atamrudisha nyuma ya darasa, na mfuko wa chumvi utakuwa mfuko tu kama zamani. Alitaka kusihi, alitaka hata kupiga magoti. Lakini jogoo wake akapiga mabawa, na kule jikoni wote wakaitikia kwa mpigo, na Nakijwa akamwona mwalimu akiziba masikio kwa viganja viwili. Akatazama vizuri: kuni mbichi zinazofuka moshi, ndoo isiyo na maji, kitanda kilichosogezwa mpaka ukuta wa mbali.

"Mwanangu," akasema, "hivi unalala?"

Hilo swali lilikuwa halijaulizwa na mtu. Somoe akaangua kilio kama mtoto.

"Silali, mama. Nawangoja wenyewe waje tule, hawaji. Nilidhani mmeniletea ili niwafugie."

"Na sisi tunangoja utualike!"

"Nani aliniambia nialike?"

Nakijwa alikaa kwenye begi lililofungwa nusu. Alicheka kidogo, kisha akaona haya. "Hakuna aliyekuambia. Tulikushukuru kama tunavyoshukuriana sisi, hatukukuangalia wewe. Ungepata nafasi ya kutaka, ungetaka nini?"

Somoe alifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Kuni kavu. Maji, siku ninazochelewa na watoto. Na mtu wa kula naye Jumapili, mama. Kula peke yangu sikuzoea."

"Basi huyu wangu narudi naye."

"Si mwiko?"

"Ni mwiko. Nitajibu mimi."

Alishuka akipita nyumba kwa nyumba, jogoo wake kwapani, na kila aliyemwona alishika mdomo. "Mwalimu anawaalika kesho," alisema. Mzee Kiangi alimsimamisha kwa ukali: "Nakijwa, umerudi na shukrani yako? Umetuvunjia mila!"

"Mzee wangu, jogoo wa shukrani humnyima mwalimu usingizi. Njoo kesho umle wako, maana ndiye anayeanza kuwika."

Watu wakacheka, na mzee, ambaye hakuwa mtu mbaya, akacheka mwisho. Jumapili walikuja wote, na mzigo wa kuni kila mmoja, wakachinja, wakapika, wakala na mwalimu wao mpaka jua likaegemea mlima. Mzee Kiangi alitafuna paja la jogoo wake akakiri kwamba nyama ilikuwa ngumu.

Jumatatu asubuhi watoto walifika shuleni wakakuta mlango wa nyumba ya mwalimu, hapo jirani, umefungwa. Begi hawakuliona nje. Mwalimu mkuu akainua nyundo agonge kengele, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa. Nakijwa, aliyekuja na ndoo ya maji kichwani, aliitua haraka, akaikumbatia rimu kwa mikono miwili.

"Mwalimu mkuu, tafadhali. Sikiliza kwanza."

Wakasikiliza. Kule nyumbani kwa Somoe kulikuwa kimya. Mwalimu mkuu akaishusha nyundo. Akawakalisha watoto kwenye majani, akawaambia wanong'one, na wazazi waliopita na majembe wakasimama nao, hata mzee Kiangi, aliyejiziba mdomo kila kikohozi kilipomjia. Jua lilikuwa limeshapanda mlango ulipofunguka, Somoe akatoka mbio, kanga upande, uso una alama za mto.

"Jamani nisameheni! Nimepitiwa na usingizi!"

"Hujapitiwa, mwalimu," Nakijwa akamwambia. "Umeshukuriwa."

Somoe akasimama palepale, akawatazama. Kisha akaenda darasani, na begi lake lilifunguliwa jioni hiyo hiyo.

Ndiyo maana leo, mzazi aliposimama na kupendekeza mwalimu wa mdogo wenu anunuliwe kabati kubwa la vioo, naye mwalimu anaishi chumba kimoja cha kupanga, na mtoto wake mchanga hana wa kumshikia anaposahihisha madaftari, yule mama wa nyuma hakumtukana mtu wala hakufanya mzaha. Alisema tu kinachosemwa: jogoo wa shukrani humnyima mwalimu usingizi.