Mchi wa Fisi Usiokula

Paukwa!
Pakawa!
Kinu?
Na mchi wake!
Na unga?
Muulize Fisi!

Haya, tulieni basi. Wewe wa nyuma, usicheke kabla sijaanza.

Hapo kale wanyama wa kijiji kimoja waliishi kwa kutwanga. Kinu kilikuwa cha Fisi, mikono ilikuwa ya wenzake. Watwangaji arobaini, du! du! du! na adhuhuri kila mmoja akapewa kibaba chake cha unga. Bi Nguchiro, mwembamba wa mwili na mwingi wa maneno, alikuwa mmoja wao. Kibaba hicho ndicho kilicholisha wanawe watatu.

Siku moja Fisi akafunga mchi mkubwa unaosukumwa na maji ya mto. Du! Du! Du! Mchi ukatwanga peke yake.

"Huu haulali," akasema Fisi. "Haupigi soga. Hauli! Nendeni makwenu!"

Wakaenda. Bi Nguchiro akateleka maji matupu, akawa anakoroga tu, wanawe wasikie mwiko.

Kesho yake ilikuwa siku ya mgao. Desturi yao, Bibi Tembo, mwenye kutunza ghala la mahindi ya wote, alimpa mwenye kinu gunia moja kwa kila mtwangaji anayemlisha. Bi Nguchiro akawahi kwa Fisi.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Kazi hakuna."

"Sikufuata kazi. Nimekuja kukupa pole. Leo utapata gunia moja tu, kinuni umebaki peke yako."

"Moja!" Fisi akaruka.

"Hivi mchi wako una nguvu za watu wangapi?"

"Arobaini!"

"Basi si uwataje hao? Lakini mimi simo."

Fisi mbio mpaka ghalani. "Kinuni kwangu wako watwangaji arobaini! Wote wamo ndani ya mchi!" Akabeba magunia arobaini, hihihi! hihihi! mpaka mgongo ukapinda.

Adhuhuri ikafika. Nani hao mlangoni kwa Fisi? Watwangaji arobaini na mabakuli yao, Bi Nguchiro mbele, Bibi Tembo nyuma.

"Mnataka nini?"

"Vibaba vya wale arobaini," akasema Bi Nguchiro.

"Mchi hauna mdomo!"

"Ndiyo maana tumekuletea. Kazi yetu umeitia kwenye mchi, midomo umetuachia."

"Mle bila kutwanga?"

"Kwani wewe leo umetwanga nini, Bwana Fisi?"

Fisi akamgeukia Bibi Tembo. "Basi hawako arobaini..."

"Rudisha magunia," akasema Bibi Tembo, akakanyaga chini, puu!

Kurudisha? Fisi aliyapenda magunia yale kuliko roho yake. Akashika kibaba, akaanza kupima unga, chaa, chaa, chaa, mpaka bakuli la arobaini. Na kesho yake hivyo hivyo. Na kila siku. Mchi ukatwanga, wenyeji wakala, na Bi Nguchiro akakoroga ugali wa kweli, tena kwa kuimba.

Funzo lake, wanangu, ni hili: kula bila kufanya kazi ni aibu kubwa. Bi Nguchiro na aone haya! Fisi tusimseme. Yeye ana mchi.

Hadithi yangu nimeipepeta.
Unga wenu, pumba zangu!

Haya, kila mtu na bakuli lake. Hakuna anayeulizwa ametwanga nini.