Kiingilio cha Kumsikia Kurumbiza

Uliwahi kuwako mwaka ambao mvua ilipotea njia. Bonde la Mikuyu likakauka mpaka vyura wakahama. Kurumbiza, ndege ambaye hata mamba alikuwa akifumba kinywa ili amsikilize, akaacha kuimba. Miezi saba bonde likakaa bila sauti yoyote isipokuwa ya Fisi akilalamika njaa, na hiyo hakuna aliyeihesabu kuwa muziki.

Katika miezi hiyo Digidigi alifiwa na mkewe. Digidigi ni mnyama wa mke mmoja. Akishampata hamwachi, na akimpoteza hatafuti mwingine. Alimzika, akarudi kwenye kichaka chao, akaendelea kula majani ya upande wake na kuyaacha ya upande wa pili.

Siku zake za mwisho mkewe alikuwa akiimba chinichini wimbo ambao Kurumbiza aliwaimbia siku ya harusi. Ubeti wa kwanza na wa pili alizikumbuka. Wa tatu ulimpotea.

"Hebu nikumbushe, mwenzangu," alimwambia.

Digidigi naye hakuukumbuka. Hakuwa na majuto mengi duniani, lakini hilo hakuweza kulala nalo.

Kwa hiyo mvua iliporudi, na jirani yake Kanga akapita akitangaza kwa kelele kwamba Kurumbiza ataimba Ijumaa, Digidigi aliinua kichwa.

"Ataimba na ule wa harusi?"

"Ule ndio wa kwanza, jirani! Ila safari hii kuna kiingilio. Kamwone Bwana Sungura."

Digidigi akashangaa. Miaka yote kiingilio kilikuwa kuwahi. Aliyewahi alikaa karibu; aliyechelewa alisimama nyuma na kujilaumu.

Kumbe Sungura alikwisha kumtembelea Kurumbiza kabla umande haujakauka. "Mama, wewe imba tu," alimwambia. "Mambo mengine niachie mimi."

"Na waitikiaji?" Kurumbiza aliuliza. Bondeni wimbo haukuwa wa mmoja. Mwimbaji alitoa ubeti, umati ukapokea kiitikio. Umati usipopokea, mwimbaji hakuanza ubeti mwingine. Ndivyo walivyolelewa wote.

"Watajaa mpaka juu ya vichuguu," Sungura akajibu.

Kisha akawakusanya wanyama, akawaomba wauzungushie uwanja wa chini ya mkuyu ua wa miiba, kwa usalama wao. Walikata miiba siku tatu, wakachomwa, wakalambana vidonda. Walipomaliza, Sungura aliwashukuru kwa dhati, akawatoa nje, akafunga lango.

Tiketi ilikuwa jani la mkuyu lililong'atwa pembeni na meno ya Sungura mwenyewe, ili walaghai wengine wasiighushi. Bei ilitangazwa: karanga tano. Digidigi akahesabu tano, akapanga foleni tangu alfajiri, akafika mbele jua likiwa utosini.

"Kumi," akasema Sungura.

"Jana mlitangaza tano, Bwana Sungura."

"Jana hapakuwa na foleni, mzee wangu. Leo itazame! Wakitaka wengi, bei inapanda."

"Lakini foleni imekuwa ndefu kwa sababu mlitangaza tano."

"Unaona? Biashara unaielewa kabisa. Kumi, na tatu za huduma."

"Huduma gani?"

"Hii ninayokupa. Mwingine angekufukuza bila maelezo."

Digidigi akarudi kichakani, akachimbua akiba. Zilikuwa karanga walizozifukia wawili kwa ajili ya kiangazi, na sasa za kuliwa na mmoja. Alipofika tena langoni na kumi na tatu zake, tiketi zilikuwa zimekwisha. Fisi alikuwa amezinunua zote, bila kupanga foleni.

"Pole sana, mzee!" Fisi akamwita kutoka kivulini. "Nasikia zimekwisha." Alikuwa amezikalia. "Bahati yako umenikuta mimi, mwenye huruma. Arobaini."

"Kwani wewe unapenda muziki, Fisi?"

"Muziki? Mimi? Hapana. Ila nawapenda sana wanaoupenda."

Manung'uniko yakaenea. Sungura akapanda juu ya kichuguu, akalaani ulanguzi kwa maneno makali sana, akasema unamuumiza rohoni. Kisha akashuka, akazunguka nyuma ya kichaka, akapatana na Fisi wagawane mapato nusu kwa nusu.

Simba yeye hakununua tiketi. Alikuwa mgeni rasmi, cheo ambacho kazi yake ni kukaa mbele, kuchelewa na kutolipa.

Digidigi alichimbua akiba yote. Ilifika thelathini na moja. Akampelekea Fisi.

"Arobaini na tano," Fisi akasema.

"Ulisema arobaini."

"Hiyo ilikuwa kabla hujaenda kufikiri."

Digidigi hakubembeleza. Mwaka huo alikuwa amekwisha kubembeleza vya kutosha, na kwa jambo kubwa kuliko tiketi. Alizibeba karanga zake, akaondoka.

Ijumaa asubuhi Fisi alipandisha bei mpaka sitini, akingoja wenye shida waje mbio dakika ya mwisho. Hawakuja. Wenye shida hawakuwa na sitini. Basi ndani ya ua wakaketi Simba na mashavu yake, Nyati mmoja tajiri aliyeambiwa kwamba watu wa maana watakuwepo, Sungura, na Fisi aliyezungukwa na mafungu ya majani. Pengine pote palikuwa nafasi. Nje ya ua, wanyama wengine wote walikaa kwenye nyasi, migongo ikigusa miiba waliyoikata wenyewe. Nyasi hizo zilikuwa bado za bure. Sungura alikuwa hajapata muda wa kuzishughulikia. Digidigi alikaa kando ya Kanga.

Simba alipomaliza kuchelewa, Kurumbiza alitua kwenye tawi la mkuyu, akatoa ubeti wa kwanza wa wimbo wa harusi. Hata Fisi aliacha kutafuna. Kisha akanyamaza, akangoja kuitikiwa.

Walio ndani walitazamana, na walio nje wakadhani kuitikia nako kuna kiingilio.

"Mbona ameacha?" Simba akauliza. "Nimeshaketi."

"Itikieni!" Sungura akanong'ona huku akitabasamu kwa meno yote. "Jamani, itikieni!"

Nyati hakuyajua maneno. Fisi alijaribu, kikamtoka kicheko. Simba akakohoa, akaona si heshima kushindwa na ndege, akanguruma jambo moja refu lililoangusha kuyu mbivu tano. Kurumbiza akakung'uta manyoya.

"Umati uko wapi, Bwana Sungura?"

"Ndio huu, mama! Umati teule."

Hapo sauti nyembamba ikasikika kutoka nyuma ya miiba. Digidigi hakukusudia. Kiitikio kilikuwa kimemfika kooni, akakitoa. Aliimba sehemu yake tu, kama walivyozoea kugawana, akanyamaza palipokuwa pa mkewe. Kanga alimtazama, akapaimba yeye, kwa sauti yake ile ya kukwaruza. Pundamilia wakapokea, wakapokea na ngiri, bonde zima likapokea.

Sungura alikuwa ameziba kila upande kwa miiba, isipokuwa juu. Kurumbiza akaruka, akauvuka ua, akatua kwenye kijiti kikavu mbele ya Digidigi. Akatoa ubeti wa pili, wakaitikia. Akatoa wa tatu.

Haukuwa ubeti mkubwa. Ulisema: *Tangulia mtoni, nami ninakuja, usigeuke nyuma, njia ninaijua.*

Digidigi aliurudia taratibu, mara mbili. Kanga, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuuliza.

Ndani ya ua, Simba alisimama.

"Uliniambia nitakaa mbele."

"Uko mbele kabisa, Mheshimiwa!" Sungura akasema.

"Mbele ya nini?"

Simba akalivunja lango kwa kiganja kimoja, akatoka, akakuta nafasi zote zimejaa. Akaketi nyuma ya ngiri, akijitahidi aonekane kana kwamba amepachagua mwenyewe.

Nyati hakutoka. "Karanga zangu sitini," alisema.

"Umeshasikia ubeti mmoja, bwana mkubwa," Sungura akamjibu.

"Basi nirudishie za beti nilizokosa."

"Alizipokea Fisi."

"Muongo!" Fisi akalia. "Nusu unazo wewe! Mwambie Nyati ziko wapi! Ziko nyuma ya kichaka, wewe na roho yako inayoumizwa na ulanguzi!"

Alisema kwa sauti kubwa mno. Wimbo ulikuwa umefika mwisho, na bonde zima likasikia. Wanyama wakageuka wote pamoja. Sungura alitazama lango, akamwona Nyati amelijaza, akachagua miiba. Alipita, lakini manyoya ya mgongoni yalibaki uani. Karanga za Nyati zilikutwa nyuma ya kichaka, zikarudi kwa mwenyewe. Fisi alibaki na majani yake ya mkuyu, na kwa kuwa hakuwahi kukubali kupoteza kitu, akayala yote. Aliumwa tumbo siku nne, na bonde likamsikiliza bila kiingilio.

Wakati huo Sungura alikuwa amejilaza mbali, akipiga hesabu aone amekosea wapi. Miiba ilitosha, bei ilipanda vizuri, lango lilifungwa barabara. Hajaliona kosa lake mpaka leo. Wenzake waliliona asubuhi ileile: alikuwa ameuza wimbo ambao nusu yake ilikuwa makooni mwa wale aliowafungia nje.