Nyani na Ufito wa Kupimia Kunde

"Rundo likipanda, nani ameshiba?"

Kanga ndiye aliyeuliza. Aliuliza mbele ya wanyama wote, jua likiwa utosini, na hakuna aliyemjibu. Sogeeni niwaambie kwa nini aliuliza. Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmemeza sauti. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, zamani za kale hasa, wanyama wa bonde moja walikuwa na ghala. Kila mavuno, kila mmoja alileta kunde. Nyati analeta, Ngiri analeta, Kanga analeta kwa mdomo, punje moja moja, tii, tii, tii. Kiangazi kikifika, ghala linafunguliwa, wanakula. Hiyo ndiyo kazi ya ghala. Huhitaji digrii kulijua hilo.

Mwaka mmoja Nyati, mkubwa wao, akatembelea bonde la pili. Akaona rundo la wenzao ni refu. Akarudi na wivu. Akamwita Nyani, akampa ufito wenye alama kumi, ya kwanza chini, ya kumi juu.

"Kuanzia leo wewe ni Mpimaji. Kila mwezi rundo lipande."

Basi kila mwezi wanyama wanaongeza kunde, na Nyani anasimamisha ufito kando ya rundo. Anakohoa kidogo.

"Limepanda."

Wanyama wanapiga makofi, pa, pa, pa.

Mwezi wa pili, "Limepanda." Pa, pa, pa.

Rundo likagusa paa. Nyani akasema paa linazuia maendeleo. Paa likang'olewa. Na hapo pia walipiga makofi, nawaapia.

Kiangazi kikaja. Nyasi zikakauka. Ghala likabaki limefungwa. Kanga alikuwa na kifaranga, kitindamimba wake, jina lake Kidoti. Siku ya kwanza Kidoti alitetemeka miguu. Siku ya pili alikaa. Siku ya tatu hakuinua kichwa. Kanga akaenda ghalani, siku ya kupima, wanyama wote wamekusanyika.

"Bwana Nyani, nipe punje tano tu. Mtoto anazimika."

"Mama Kanga, ukichota litashuka."

"Si nilizileta mimi?"

"Ulizileta rundo likue. Hukuzileta ziliwe. Likishuka, bonde la pili watatucheka. Vumilia, likikua sana na wewe litakufikia."

"Lini?"

"Likikua."

"Limefika alama ya nane, Bwana Nyani. Na Kidoti amefika alama ya ngapi?"

Nyani akautazama ufito kana kwamba jibu limeandikwa pale. Ndipo Kanga akawageukia wote, akauliza lile swali lake. Ngiri akaanza kuchimba chini. Swala akakumbuka ana safari. Nyati akacheua.

Mimi hapo ndipo damu hunichemka. Wote walikuwa na njaa. Na wote waliogopa kuonekana hawapendi maendeleo.

Alasiri ile wingu likapotea njia. Mvua isiyo ya msimu ikamwagika, shaaa, na paa halipo.

Asubuhi Nyani akasimamisha ufito. Akasoma. Akasoma tena.

"Limefika kumi. Na hakuna aliyeongeza hata punje."

"Limejikuza lenyewe," akasema Nyati, machozi yakimlenga. Ngoma zikalia, ndu, ndu, ndu.

Kanga hakucheza. Alipanda juu ya rundo akaparua, para, para.

"Bwana Nyani, ingiza mkono hapa."

Nyani akaingiza. Pwacha. Akautoa unateleza.

"Zimevimba," akasema taratibu.

"Kumbe. Na ufito wako unatofautishaje kukua na kuvimba?"

Ufito haukuwa na alama ya hilo.

"Sikilizeni," akasema Kanga. "Zilizolowa ziko juu. Za chini bado ni kavu. Zikilala hivi siku mbili, uvundo utashuka na tutakosa zote. Zilizolowa ziliwe leo."

"Ziliwe? Rundo lishuke?" Nyati akashtuka. "Bonde la pili nitawaambia nini?"

Kanga akamtazama. Pembe zote zile, na anaogopa kijiti. Hakubishana naye. Aliuchukua ufito akaugeuza, juu chini.

"Sasa ya kwanza iko juu, ya kumi iko chini. Tule. Bwana Nyani, wewe soma."

Wa kwanza alikuwa Kidoti, mama yake alimleta chini ya bawa. Maji yalikuwa yamezilainisha kunde, zikapita kooni. Akameza moja. Akameza ya pili. Akafumbua jicho.

"Mama, ipo nyingine?"

"Ipo, mwanangu."

Kanga akakaa chini pale pale.

Wanyama wakala, kwacha, kwacha. Rundo likashuka, na Nyani akasoma, "Limepanda. Mbili." Wakala. "Limepanda. Tatu." Wakala. "Limepanda. Nne."

"Kitu gani kimepanda?" akauliza Swala.

"Shibe," akasema Nyani, na mwenyewe akacheka.

Nyati, mdomo umejaa, akasema, "Tuendelee basi mpaka kumi."

"Nani hajashiba?" akauliza Kanga.

Kimya. Hakuna aliyejibu. Lakini safari hii kimya ndicho kilichokuwa jibu.

"Basi imetosha," akasema Kanga.

Neno hilo lilikuwa halijasikika ghalani tangu ufito uingie. Wakaezeka paa. Kunde kavu zikaliwa kwa zamu, mwenye njaa kwanza, zikawavusha hadi mvua. Kidoti akaota manyoya, akawa msumbufu kupita ndugu zake wote.

Funzo lake ni hili: mali ni ya kulisha walio hai, na kipimo kisichomwona mwenye njaa ni kipimo kibovu, hata kikipigiwa makofi.

Hadithi yangu imefika, naitua hapa. Ila nina ombi. Ukisikia mtu anatangaza kwamba uchumi umepanda, usipige makofi kwanza. Nyoosha mkono umuulize nani ameshiba. Na akinyamaza, tafadhali, uliza tena.